Ubeti wa Ng'ambo

Miaka yote niliyoimba sauti ya pili chini yake, Mwalimu hakuwahi kutuambia tumeimba vizuri. Tukimaliza wimbo alisimama kidogo, akatazama dirishani, kisha akasema, "Haya, huo haukunichoma sana." Hapo ujue mmefanya maajabu. Mkiboronga hasemi kitu, ananyanyua tu mkono wa kushoto, na mtu yeyote aliyepita kwenye kwaya yetu pale Rusimbi akiuona mkono ule anafunga mdomo kabla hajajua kwa nini.

Namwita Mwalimu, ingawa hakufundisha shule yoyote. Alikuwa mtu wa vifurushi, stesheni ya reli, mpaka akastaafu. Ualimu wake ni wa kwaya, na jina hilo lilimkaa hata Waislamu wa Ujiji walimwita hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa dagaa, nauza Kibirizi, na sisi wa Kibirizi kunong'ona hatujui. Kwa hiyo tuligombana sana, mimi na yeye. Nasema mapema, maana siku hizi kila mtu anamsimulia kama malaika, na malaika huyo mimi simfahamu.

Mara moja niliugua malaria, nimelala sijitambui vizuri, nikasikia hodi. Mwalimu. Kashika chungu cha mchuzi wa samaki, mgebuka, kwa mikono yake mwenyewe, mwendo wote ule kutoka kwake, jua kali. Mama yangu akampokea, akamkaribisha kiti, akamsifu kwa moyo wake. Mwalimu akaniangalia kwa huruma kweli, akanipa pole, akauliza dawa nameza saa ngapi. Halafu akasema, "Na pale mstari wa pili, binti yangu, wewe ndiye unayeshuka. Hebu uimbe nisikie." Nikauimba, na homa yangu. Akaridhika, akaaga, akaenda zake.

Siku nyingine, harusini, bibi harusi ameshainua mguu aingie kanisani, kinanda kikaanza chini ya sauti inayotakiwa. Ukainuka mkono wa kushoto. Kinanda kikanyamaza, sisi tukanyamaza, bibi harusi akabaki pale mlangoni na baba yake, shela inapepea. Tukaanza upya. Yule bibi harusi hajamsamehe mpaka leo, na mimi namwelewa.

Jinsi alivyofundisha ndiyo iliyotuletea balaa, kwa hiyo lazima niieleze. Aliandika nota ubaoni, do re mi zake, herufi nzuri za mtu aliyezoea kuandika majina ya wenye mizigo. Kila sauti aliifundisha peke yake: wanawake wa kwanza na wa pili huku, wanaume wa tatu na besi kule nyuma ya kanisa. Hukuruhusiwa kunakili. Mazoezi yakiisha anafuta ubao mwenyewe, na simu zote zilikuwa zimekaa kwenye beseni la plastiki karibu na mlango. Na ubeti wa mwisho wa wimbo wowote mpya hakuufundisha kabisa. Aliuweka kichwani mwake mpaka siku ya kurekodi. Siku hiyo tunafika studio, anatutenga kwa sauti, anatupa ubeti, tunaurudia mpaka unakaa, tunaimba.

Watu walicheka, wakasema Mwalimu amechanganyikiwa. Lakini mimi najua alichanganyikiwa lini, maana nilikuwepo.

Zamani, enzi za kaseti, kwaya ilijitegemea. Kaseti yetu ya kwanza ndiyo iliyotushonea sare, ikatununulia gitaa na spika. Treni ikileta maboksi kutoka Dar, yeye mwenyewe ndiye anayeyapokea pale kwenye vifurushi, anayashika kama mtu aliyeletewa mtoto. Zikaja sidii, zikaja dividii, bado mambo yalikwenda. Tukatoa albamu yenye picha, tukafanya uzinduzi, mgeni rasmi akaja, kinamama tukatandika kanga apite juu yake. Wiki ile ile nikiwa mwaloni Kibirizi, pale zinapofikia boti za ziwani, mpagazi aliyenibebea magunia akanionyesha simu yake. "Mama, si wewe huyu?" Nikaangalia, ni mimi kweli, na sare ya bluu, nayumba kwa maringo. Kijana wa watu alifurahi kupita kiasi. Nami nikafurahi, nisiseme uongo, kabla sijaelewa ninachokiona.

Palikuwa na kibanda, mwavuli na kompyuta, pamebandikwa karatasi, TUNAINGIZA NYIMBO. Wavuvi wanatoa memori kadi zao, wanajaziwa: bongo fleva, kaswida, nyimbo za Kongo, na sisi humo humo. Wenye boti za kwenda Burundi na ng'ambo ya ziwa, Kongo, wanajaza flashi wanaondoka nayo. Baadaye hata kompyuta haikuhitajika sana, kila mtu akawa anapakua mwenyewe kwenye simu. Dividii zetu zikabaki kwenye katoni nyumbani kwa mwenyekiti wa kwaya, mkewe akawa anawakalisha wageni juu yake. Jamaa mmoja aliyekuwa na studio pale Mwanga alifunga. Yale magodoro aliyoyagandisha ukutani kuzuia sauti aliyabandua wakalalia wanawe, na chumba chenyewe sasa kinauza chaja na soda.

Nilimpeleka Mwalimu kwenye kile kibanda mimi mwenyewe, nikidhani atawaka. Mwenye kibanda akasimama, akatoa shikamoo, akampa kiti. Mwalimu akamuuliza nani alimpa ruhusa. Akajibu kwa upole kabisa, "Mzee, mimi siuzi wimbo wako. Nauza umeme na muda wangu. Nyimbo zenyewe nazikuta humo humo kwenye kadi za watu." Tukarudi kwa miguu, na mtu yule ambaye hawezi kupita karibu na mwanamke anayeimba dukani bila kumsahihisha, hakufungua mdomo njia nzima. Mazoezi yaliyofuata ndipo beseni lilipotokea mlangoni.

Lakini sikilizeni. Nyumbani kwake, chini ya kitanda, alikuwa na sanduku la bati limejaa kaseti. Nyimbo za magitaa za Kongo, nyingine hazina hata jina. Ujana wake alikuwa analaza kinasa sauti mbele ya redio, anasubiri stesheni ya ng'ambo ishike, anabonyeza. Magitaa yote mliyowahi kuyasikia kwenye kwaya yetu yametoka mle. Siku moja tumekaa barazani kwake nikamwambia wazi, "Mwalimu, na wewe ulipakua. Ulitumia redio tu."

Akakasirika. "Mimi nilisikiliza," akasema. "Usiku na mchana nilisikiliza, mpaka vidole vikaota sugu. Hawa hawasikilizi. Wanachukua."

"Na yule mpiga gitaa uliyemsikiliza alipata nini?"

Mkewe alikuwa pembeni anachambua maharage, akainamisha kichwa asionekane anacheka. Mwalimu akaingia ndani, akaniacha na chai yangu. Sikuombwa radhi, na sikuomba.

Sasa huo wimbo. Ni wimbo wa kuvuka maji, watu walikuja kuuita hivyo hivyo, ule wa kuvuka. Sijui aliutoa wapi. Tulipoanza kuujifunza hata wale wavivu wa sauti ya kwanza walikuwa wanawahi mazoezini. Kiitikio chake ukikiimba unasikia kifua kinapanuka. Ubeti wa mwisho, kama kawaida, hatukupewa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mwalimu alisema kitu kuhusu kazi yake mwenyewe. Aliniambia, "Huu ndio utakaobaki na jina langu." Alikuwa hana mtoto. Alisema hivyo, akaufuta ubao.

Tukiwa tunasubiri zamu ya kurekodi, nipo Kibirizi naanua dagaa mchangani, ikaingia boti kutoka ng'ambo, spika imefungwa juu ya mizigo. Nikasikia kiitikio chetu. Nilidhani ni akili yangu, maana nilikuwa nakiimba kutwa nzima. Kisha nikasikia si sisi. Wanaimba kwa raha zao, Kiswahili cha Kongo, ngoma ndani yake. Beti zote zetu. Na mwishoni ukaja ubeti nisioujua.

Nikaacha dagaa pale pale, kuku wakala walichokula. Nilimkuta Mwalimu anapiga pasi shati. Nikamwambia. Hakuniamini, nikamchezea, maana nilikuwa nimeingiziwa kwenye simu yangu palepale botini. Akasikiliza akiwa amesimama na ile pasi mkononi mpaka mkewe akaja kuichukua. Ulipofika ubeti wa mwisho akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia."

Ubeti wake yeye, ambao nilikuja kuujua baadaye, ulisema akifika ng'ambo ile atavikwa taji, atakaa na watakatifu. Ni mzuri, umekaa kikanisa. Ule wa Wakongo ulisema hivi tu: *Mama, usizime moto, ninakuya. Mama, usizime moto, nipo ndani ya maji, ninakuya.*

Hatukumtafuta mwizi sana, alijitokeza mwenyewe. Mvuvi wa Katonga, sauti ya tatu, sauti bora kuliko zote tulizokuwa nazo. Alikuwa na simu mbili, moja anaiweka kwenye beseni. "Nilirekodi nikajifunze ziwani, Mwalimu. Wenzangu wa botini wakaupenda, wakauomba." Alisema bila aibu yoyote, na nadhani kweli hakuona pa kuona aibu. Mwalimu alimfukuza palepale. Tukamsihi, mwenyekiti akapiga magoti, hakuna. Sauti ya tatu ikayumba tangu siku ile na haijasimama sawasawa tena.

Tukarekodi wetu, na ubeti wa taji. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Kila tulipouimba, watu walisema tumewaibia Wakongo. Kwenye tamasha la kwaya Ujiji, mshereheshaji alishika kipaza sauti akasema, "Na sasa ndugu zetu wa Rusimbi watatuimbia ule wimbo wa ndugu zetu wa ng'ambo." Uwanja ukacheka. Tulipofika mwisho tukaimba taji, watu wakaimba moto, kwa sauti kubwa kuliko sisi, wakidhani tumekosea wanatusaidia. Ukainuka mkono wa kushoto. Sisi tukanyamaza. Uwanja haukunyamaza, ukaumaliza ubeti mpaka mwisho, na Mwalimu amesimama mbele yao na mkono juu. Nilitamani ardhi inimeze, tena si kwa ajili yangu.

Na hao wenyewe walikuwepo, hao wa ng'ambo, wamealikwa. Mwalimu wao ni baba mnene mcheshi, shati la kitenge. Mwalimu akamfuata nyuma ya jukwaa, nami nikamfuata Mwalimu, maana nilimwona alivyokaza taya. Kabla hajasema kitu, yule baba akamshika mikono miwili.

"Papa, jambo, jambo sana. Banasema wewe njo mwenye wimbo. Ni kweli?"

"Ni kweli," Mwalimu akasema. "Na nyinyi mmeuchukua."

Yule baba akashtuka kwa dhati. Si mtu wa kuigiza, uso wake haujui. "Papa, ilikuya bila mwisho. Balobaji ba samaki balituletea, tukasikiliza, tukangojea mwisho, hakuna. Tukawaza mwenye wimbo alikufa mbele ya kumaliza. Tukasema hapana, haifai, mtu amekufa na wimbo yake katikati. Tukamumalizia." Akavua kofia. "Tulikuombea kanisani, papa."

Basi. Ungefanya nini mbele ya mtu kama huyo? Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa mwizi, akakuta watu waliomwombea marehemu, na marehemu ni yeye. Kule kuficha ubeti wa mwisho ndiko kulikomuua. Alikaa kwenye ngazi za jukwaa kwa muda, yule baba kasimama kando yake anampepea kwa kofia.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, kumbe ndipo yalipochacha. Nusu ya kwaya wakasema tuimbe ubeti wa moto, watu wanautaka, tukubali yaishe. Nusu wakasema ni kumzika Mwalimu mzima. Mimi nilikuwa upande wake, na nilitukanana na watu nisiopenda kutukanana nao. Harusi moja, walioalika wakauomba wa moto kwa jina, mwenyekiti akaitikia, Mwalimu akavua koti la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya spika, akaondoka. Hakurudi. Tukapata mwalimu mwingine, kijana mwenye bidii, anatufundisha kwa kututumia sauti kwenye simu. Nyimbo tunazijua kwa siku mbili. Wa kuvuka wakaurekodi upya na moto, nami nikabaki kwaya ile ile, maana ndiyo ninayo.

Nilikuwa napita kwake kumsalimia. Ukiugusa wimbo ule anageuza maneno, anauliza bei ya dagaa. Siku moja mkewe akanisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono. "Anauimba," akasema.

"Upi?"

"Huo wa moto. Akiwa anaoga. Anauimba wote. Usimwambie nimekuambia, ataacha kuoga."

Nikamcheka, lakini nilirudi nyumbani nimeumia. Maana yake alikuwa anajua. Sikio lile haliwezi kumdanganya mwenyewe. Ubeti wao ulikuwa mzuri kuliko wake, na yeye ndiye aliyeufungulia mlango.

Mwaka jana mama yangu alifariki. Alikuwa mzee, alienda taratibu, sina la kumlaumu Mungu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naye, na baada ya kuondoka nilikauka tu. Watu wanalia, mimi napanga masufuria. Asubuhi ya mazishi kwaya ikaja kuniuliza, mfiwa, unataka wimbo gani makaburini. Nikasema wa kuvuka. Wote wakatazama nyuma yangu, nami nikageuka nione wanachokitazama. Mwalimu anaingia uani kwa fimbo, kavaa lile shati lake jeupe, mkewe nyuma yake. Alikuwa amedhoofika kuliko nilivyodhani.

Akanipa pole. Kisha akasema, mbele ya wote, "Mmechagua wa kuvuka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa ubeti upi?"

Yule kijana mwalimu akatazama chini. Mwenyekiti akakohoa. Mimi ndiye niliyetukanana na watu kwa ajili ya ubeti wa taji, na wote pale wanajua. Ningesema taji yangeisha, na moyo wake ungetulia, na mama, marehemu, angejua nini.

"Mama yako alikuwa anaimba upi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali.

Mama alikuwa na redio ndogo ya memori kadi, inakaa juu ya pipa la maji. Alikuwa akipika anaimba, na mara ngapi nimemkaripia, mama, siyo hivyo, ni taji, huo wameharibu. Ananijibu, niache mwanangu, mimi napenda wa moto.

"Wa moto," nikasema. "Aliimba wa moto, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi imbeni wa moto. Mazishi ni yake."

Makaburini kijana akatoa sauti, tukaanza. Mimi mfiwa, lakini nilisimama kwenye sauti ya pili, sikuona pengine pa kusimama. Mwalimu alikaa nyuma kwenye kiti alicholetewa. Tulivyokaribia mwisho nikaona wenzangu wanatupa macho ya wizi kule nyuma, wanaungoja ule mkono, na sauti zetu zikapungua zenyewe kwa hofu. Mkono haukuinuka. Tukaingia kwenye *Mama, usizime moto*, na chini kabisa, chini ya besi wote, nikamsikia anaimba. Sauti imezeeka, ina kutu, lakini imekaa pale pale inapotakiwa. Wengine walipumua baada ya neno *mama*. Yeye hakupumua. Alilibeba lile neno mpaka tukafika ng'ambo ya mstari.

Udongo ulipokwisha kurudishwa nilimpelekea maji ya kunawa. Alikuwa anahema.

"Wale wanaume wa besi," akasema, "waambie waje kwangu kesho mchana. Pale kwenye 'mama' wanaachia mapema. Wanamwacha peke yake."

"Mwalimu, lakini ubeti ule si wako."

"Besi yake ni mbovu," akasema. "Siwezi kuuacha hivyo hivyo, umeshakuwa wa mama yako. Sikiliza." Akainua kidole, akaanza kuivumisha besi taratibu, mdomo umefungwa.

Nilikuwa sijalia tangu msiba uanze. Nikalia pale, na bakuli la maji mkononi, na yeye hakuacha, akaendelea kunionyesha kwa kidole besi inapopaswa kukaa.